Kuandika hadithi na mwenzako huku unauguza nyumbani

Mi namuuguza mama, amepooza upande wa kulia tangu mwaka juzi, na mwenzangu ninayeandika naye hadithi yuko Morogoro ana mapacha wa miezi 8, kwa hiyo ukituambia tukae kila siku saa 2 usiku tuandike unatuonea tu. Tulijaribu, ikawa kila siku mmoja anaomba samahani mpaka tukaanza kukwepana.

Kilichotusaidia tuliacha kupanga kwa saa tukapanga kwa kazi za nyumba. Mama lazima ageuzwe kila baada ya masaa 2 asije akapata vidonda vya kulalia, sasa nikishamgeuza nikamwekea mto mgongoni na mwingine katikati ya magoti, akatulia, hapo ndo nina dakika zangu kama 15, na daftari liko palepale kwenye meza ya dawa maana ukilifuata chumbani utakutana na vyombo njiani. Mwenzangu yeye wakati wake ni akinyonyesha, mkono mmoja mtoto, mkono mwingine simu, anasimulia kwa voisi noti za WhatsApp halafu mi naziandika.

Zamu iwe ndogo, tukio moja kwa wiki inatosha. Na usimalizie kabisa, mwache mhusika kashika kitasa cha mlango, mwenzio akipokea anajua pa kuanzia. Majina ya wahusika yaandikeni ukurasa wa kwanza, mtu aliyeamka mara 3 usiku hakumbuki kitu.

Halafu mkubaliane neno la dharura, hili naomba msilipuuze. Sisi mtu akituma "homa" tu basi, haulizwi kipande kiko wapi, anaulizwa mgonjwa anaendeleaje, na zamu inasogea wiki nzima bila deni. Bila hili tungeshagombana zamani.

Na waambieni wa nyumbani. Mi niliandika kwa kujificha muda mrefu sana, siku nilipomwambia kaka akasema mbona hukusema, sasa Jumamosi anakuja kukaa na mama toka saa 4 mpaka saa 7, uji anamnywesha yeye, nimemwonyesha amkalishe wima kwanza asije akapaliwa.

Jioni namsomea mama tulichoandika. Ulimi bado mzito, ila pasipomkaa vizuri anagonga godoro kwa mkono wa kushoto, naweka alama ya kalamu hapo namtumia mwenzangu.