Kupanga miaka ya mzee na matukio aliyoyaona, Mtwara na Lindi

Usianze na "ulizaliwa mwaka gani". Tarehe 1 Januari au 1 Julai kwenye kitambulisho mara nyingi ni ya kukadiria tu. Anza na yale yaliyomgusa: kutiwa jando au kuchezwa unyago, ndoa, mtoto wa kwanza, kuhama, mikorosho ya kwanza. Yaandike kwa maneno yake, mwaka uache wazi.

Kwenye kaunta buku chora safu nne: mwaka, umri, yake, ya nchi. Wino ni kwa lenye uhakika, penseli kwa makadirio.

Kisha tafuta nguzo, yaani matukio ya nchi yenye tarehe ya uhakika: kimbunga cha Lindi, Aprili 1952; Uhuru, 9 Desemba 1961; reli ya Mtwara hadi Nachingwea kufungwa, 1962; Lindi kuwa mkoa, 1971; uhuru wa Msumbiji, 25 Juni 1975; Daraja la Mkapa, 2003. Bibi akisema, "Bendera ilipopandishwa, mwanangu wa kwanza alikuwa anatambaa," mtoto huyo alizaliwa takriban kati ya Januari na Juni 1961. Muulize zaidi: ilikuwa mvua au ukavu? Watu husahau mwaka, msimu hawausahau.

Neno linaloharibu kazi nyingi ni "wakati wa vita". Vita ipi? Ya Mjerumani, iliyofika Mahiwa Oktoba 1917, wazee wa leo wameisikia kwa wazazi wao tu. Kuna ya 1939–1945, ya Msumbiji kuanzia Septemba 1964, na ya Kagera, 1978–79. Uliza adui alikuwa nani, na kama milio aliisikia mwenyewe au redioni. Wa kando ya Ruvuma na wa Kilwa watajibu tofauti kabisa.

Kuhamia vijiji vya Ujamaa nako usimwandikie kila mtu 1974. Karibu na mpaka wengine walihamishwa mapema, kwa sababu ya vita ya ng'ambo.

Hakiki kwa karatasi. Kadi ya TANU haiwezi kuwa kabla ya Julai 1954 wala baada ya 5 Februari 1977, CCM ilipozaliwa. Kama alibatizwa, uliza parokiani. Ndanda na Masasi ni misheni za zamani.

Azimio la Arusha likitangazwa 1967 naye yuko shambani, hakusikia lolote, andika hivyohivyo: "hakusikia". Kisha msomee yote mbele ya ndugu yake. Wakibishana, andika kauli zote mbili kwa penseli.