Jinsi ya kuisoma sitiari dhanifu katika shairi huru

Mwaka 1980, mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson walitetea hoja kwamba sitiari si pambo la lugha tu, bali ni njia ambayo akili huitumia kulielewa jambo lisiloshikika kupitia jambo linaloonekana na kuguswa; hiyo ndiyo sitiari dhanifu. Hoja hiyo inamfaa sana msomaji wa mashairi huru, kwa kuwa pale ambapo hakuna vina wala mizani, mara nyingi dhana moja iliyojificha ndiyo inayoishikamanisha mishororo yote.

Anza na vitenzi, kwani ndivyo vinavyoifichua dhana hiyo mapema. Nimetunga mishororo hii kwa ajili ya vijana wanaoandika mashairi hapa Goma:

Hasira yetu iliteremka hadi mjini,
ikapoa barabarani.
Leo tunaichonga,
tunaijengea ukuta wa shule.

Mlima haukutajwa, lakini "iliteremka" na "ikapoa" vinatosha kumkumbusha mkazi wa Goma mlima wa volkano wa Nyiragongo, ambao lava yake ilifika katikati ya mji Januari 2002. Dhana ya msingi ni kwamba hasira ni moto, ile ile tunayoitegemea tunaposema kwamba fulani amewaka.

Kisha linganisha kikoa chanzi (jambo ambalo sitiari inaazima kwalo), yaani moto wa volkano, na kikoa lengwa (jambo linaloelezwa), yaani hasira, kipengele kwa kipengele, bila haraka. Usemi wa kila siku huishia hasira inapowaka na kuzimika, wala hauulizi kinachobaki. Shairi linavuka mpaka huo: moto huu umeacha jiwe jeusi, lile lile tunaloliona katika kuta na nyua za mji wetu, na kwa hiyo hasira haisahauliki wala haisamehewi, bali inageuzwa kuwa kitu cha kujengea. Hapo ndipo maana mpya inapozaliwa.

Hatimaye tafuta kile ambacho sitiari inakificha, hatua ambayo naiona nzito kuliko zote kwa sisi wa Kivu, eneo letu hili lililoona vita. Lava haina mkosaji. Mshairi anayeita vita dhoruba au mafuriko humwondolea lawama aliyeshika silaha, hata kama hakukusudia. Jaribu kubadilisha kitenzi kimoja: andika "hasira yetu iliwashwa" badala ya "iliteremka", na papo hapo msomaji ataanza kuuliza ni nani aliyeiwasha.