Kuanza na Git kwenye terminali, hatua kwa hatua

Git ni programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi. Linus Torvalds aliiunda mwaka 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu ya aina hiyo waliyokuwa wakiitumia. Kwa kuwa watu hao walitawanyika duniani, kila kompyuta ilipewa historia nzima ya mradi. Ndiyo maana, ukishasakinisha Git, kazi yote iliyo hapa chini inafanyika bila bando.

Hatua ya 1: Sakinisha

Ubuntu: `sudo apt install git`. Windows: sakinisha Git for Windows, kisha fungua Git Bash, terminali (dirisha la kuandikia amri) inayokuja nayo. Andika `git --version`. Unahitaji toleo la 2.28 au jipya zaidi.

Hatua ya 2: Jitambulishe

```
git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "anwani yako"
```

Anwani hii ya barua pepe itaandikwa ndani ya kila komiti (hatua moja ya mradi iliyohifadhiwa kwenye historia), na ukiuweka mradi hadharani kila mtu ataisoma. Chagua usiyojali ionekane.

Hatua ya 3: Anzisha mradi

```
mkdir duka
cd duka
git init -b main
```

Imezaliwa folda iliyofichwa, `.git`. Usiiguse: ndimo historia inamokaa.

Hatua ya 4: Chagua cha kuhifadhi

Tengeneza faili `bei.txt`, halafu:

```
git status
git add bei.txt
git status
```

Jina lililokuwa jekundu sasa ni la kijani. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tulia. `add` haihifadhi kitu kwenye historia. Inapeleka nakala ya faili, kama ilivyo dakika hiyo, kwenye eneo la maandalizi. Ukiihariri tena `bei.txt` kabla ya kukomiti, mabadiliko mapya hayamo mpaka uandike `add` upya. Ukiwa na shaka, `git status` itakuambia.

Nakusihi usizoee `git add .` mapema. Inazoa kila kitu, hata faili la `.env` lenye nywila za kanzidata. Kulifuta baadaye hakulitoi kwenye komiti zilizopita. Tengeneza faili la `.gitignore` kwanza, uandike `.env` ndani yake.

Hatua ya 5: Komiti

```
git commit -m "Ongeza bei ya sukari"
```

Ujumbe useme umefanya nini, na sababu ikiwa haijionyeshi. "Mabadiliko" halimsaidii yeyote atakayesoma mwakani. Ukisahau `-m` na Vim, kihariri cha maandishi, ikafunguka, bonyeza Esc, andika `:q!`, kisha Enter, halafu rudia amri ukiwa na `-m`.

Hatua ya 6: Tazama nyuma, rudi nyuma

`git log --oneline` inaorodhesha komiti zako. `git diff` inaonyesha ulichobadilisha na hujakipeleka kwenye maandalizi. Umeharibu? `git restore bei.txt` inarudisha faili kama lilivyokuwa ulipoli-`add` mara ya mwisho. Lakini kinachofutwa hapo Git haina nakala yake, basi endesha `git diff` kwanza usome unachokwenda kukipoteza.