Kuchagua lenzi za mandhari na za mbio za pikipiki kwa mfuko mmoja

Anayepiga picha za milima alfajiri na za motokrosi (mbio za pikipiki kwenye udongo) mchana anaidai kamera yake mambo mawili yasiyopatana. Mandhari inataka ukali kuanzia jiwe lililo miguuni pako hadi kilele cha mbali, na inakusubiri. Pikipiki haisubiri: inachomoza juu ya tuta, inatua, inakuachia vumbi. Ndiyo maana wengi huishia na seti mbili za vifaa na mgongo unaouma. Hakuna haja. Lenzi mbili zilizochaguliwa kwa hesabu, filta zinazoingia kwenye lenzi zote mbili na tripodi moja imara hutosha kwa milima ya Ngong asubuhi na uwanja wa Jamhuri mchana wa siku hiyohiyo.

Anza na lenzi ndefu

Lenzi ndefu, ile inayovuta vitu vya mbali, ichaguliwe kwanza, kwa sababu kwenye mbio huwezi kuisaidia. Lenzi pana ikikosekana kwenye mandhari, utarudi nyuma hatua kumi au utapiga picha tatu kwa wima na kuziunganisha kwenye kompyuta. Pikipiki haikupi nafasi hiyo.

Urefu wa lenzi (ile namba ya mm; ikiwa kubwa, kitu cha mbali kinakuja karibu) unategemea mahali utakaporuhusiwa kusimama. Kwenye motokrosi, kama ile ya Jamhuri jijini Nairobi au Garuga karibu na Entebbe, mpiga picha mwenye kibali husimama karibu na njia. Mita 15 hadi 40 ni kawaida. Ukiwa mita 30, lenzi ya 200mm kwenye kamera yenye sensa ya APS-C (kipokea mwanga kilicho kidogo kuliko cha fremu kamili) inaona upana wa mita 3.5 hivi. Pikipiki ya motokrosi ina urefu wa takriban mita 2.2, kwa hiyo inajaa kwenye fremu na bado ina nafasi mbele ya kuelekea. Kwenye viwanja vya lami, ambako uzio huwa mbali, utahitaji 400mm. Kama mbio unazopiga ni za vumbi, achana kwanza na zile zumu (lenzi zinazobadilika urefu) za 150-600mm. Zina uzito wa karibu kilo 2, zinaishia f/6.3 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la mwanga: namba ndogo, tundu kubwa), na filta yake ni ya 95mm ambayo haitaingia kwenye lenzi nyingine uliyo nayo.

Zumu ya 70-200mm ndiyo inayofaa, na swali linalozua mabishano ni f/2.8 au f/4. Fanya hesabu kabla ya kutoa pesa. Kwenye jua kali la mchana, ISO 100 (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) na tundu la f/16 hutaka shata (muda wa kuingiza mwanga) ya sekunde 1/100. Fungua hadi f/4 na shata inapanda hadi 1/1600, ambayo inagandisha kuruka kokote kwa motokrosi. Kwa hiyo f/2.8 hainunui kasi mchana. Inanunua mandharinyuma laini zaidi, na stopu moja ya ziada (mwanga mara mbili) wakati wa mawingu au jioni. Bei ya faida hiyo ni uzito: Canon EF 70-200mm f/4L IS ya toleo la kwanza ina gramu 760, ile ya f/2.8L IS II ina gramu 1,490. Kwa mtu atakayepanda kilima nayo kabla jua halijachomoza, f/4 ndiyo chaguo la busara.

Kuna jambo dogo hapa linalookoa pesa nyingi. Hiyo 70-200mm f/4 ina uzi wa filta (mdomo wa mbele unapofungwa filta) wa 67mm. Canon EF-S 10-18mm, lenzi pana ya gramu 240 kwa kamera za APS-C, nayo ni 67mm. Filta zako zitahama kutoka lenzi moja kwenda nyingine bila adapta. Wa Nikon hana ulinganifu huo kamili: AF-P DX 10-20mm ina 72mm, na AF-P 70-300mm f/4.5-5.6E ina 67mm. Nunua filta za 72mm na pete ya kupanulia kutoka 67 hadi 72. Daima nunua filta ya lenzi yenye mdomo mkubwa, kisha lenzi ndogo uivalishe pete.

Chunguza pia mota ya fokasi. Canon EF 75-300mm III huvutia kwa bei, lakini mota yake ni ya polepole. Pikipiki inayokuja usoni itakuwa imepita kabla fokasi haijafika. Tafuta USM au Nano USM, mota za haraka za Canon. Kwa Nikon tahadhari ni mbili: lenzi za AF-P hazifokasi kabisa kwenye bodi (kamera bila lenzi) za zamani kama D90 na D7000, na lenzi za AF-D hazifokasi zenyewe kwenye bodi za D3000 na D5000 za kila toleo, kwa kuwa lenzi hizo wala bodi hizo hazina mota ndani.

Lenzi pana, na kwa nini lenzi ndefu nayo ni ya mandhari

Kwa lenzi pana usilipie f/2.8 isipokuwa unapiga nyota. Mandhari hupigwa f/8 hadi f/11. Ukivuka f/11 kwenye APS-C, au f/16 kwenye sensa kubwa, mwanga unaanza kutawanyika kwenye tundu dogo na picha nzima inalegea, hata lenzi iwe ya bei gani. Kwa 12mm kwenye APS-C, weka f/8, fokasi kwenye kitu kilicho mita 2 mbele yako, kisha zima fokasi otomatiki. Utapata ukali kuanzia mita moja hadi upeo wa macho. Kosa linaloharibu picha nyingi ni kufokasi kwenye mlima wa mbali: nyasi za mbele, ambazo kwenye lenzi pana ndizo zinazochukua nusu ya picha, zinatoka laini.

Lenzi pana ina tabia nyingine ambayo wanaoanza hawaitarajii: inasukuma vitu vya mbali. Ukiwa Amboseli na 10mm, Kilimanjaro inageuka kichuguu. Hapo toa 70-200mm. Ndivyo ilivyo pia kwa matabaka ya milima ukitazama kutoka Irente, juu ya Lushoto. Kati ya 100mm na 200mm safu za mbali zinabanana na ukungu unazitenganisha moja baada ya nyingine. Ila lenzi ndefu inapita kwenye hewa nyingi. Ardhi ikishapata joto, hewa inacheza na picha inatetemeka kama imepigwa vibaya. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Njia ni kupiga mapema. Kilimanjaro yenyewe mara nyingi hujifunika mawingu saa 3 au saa 4 asubuhi.

Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya huahidi saa nzima ya mwanga wa dhahabu. Karibu na ikweta jua linapanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo kutoka upeo wa macho hadi nyuzi 6 ni dakika 24 tu hivi. Tripodi iwe imesimama, filta zimefungwa na fremu imepangwa kabla jua halijatoka.

Filta mbili zinazofanya kazi pande zote mbili

Nunua polaraiza moja na ND (filta nyeusi ya kupunguza mwanga) moja ya stopu 3. Polaraiza huondoa mng'ao kwenye maji na majani mabichi, na hula stopu 1.5 hadi 2. Usiitumie kupiga anga pana kwa 10mm: sehemu moja ya anga itakuwa nyeusi na nyingine nyeupe, na doa hilo halirekebishiki kwa urahisi.

ND ya stopu 3 inalainisha maporomoko ya maji asubuhi, na mchana inaokoa mbio. Ukitaka kumfuata dereva kwa kamera ili nyuma kuvutike, shata yako ni 1/60 au 1/125. Kwenye jua kali, 1/60 bila filta inakulazimisha kwenda f/20, mahali ambapo picha inalegea na kila punje ya vumbi kwenye sensa inaonekana kama nukta nyeusi. Ukiweka ND, unarudi hadi karibu f/7.1. Kwa maji yanayogeuka moshi utahitaji ND ya stopu 10: shata ya 1/60 inakuwa sekunde 17. Hiyo inunuliwe baadaye.

Uwanjani

Pikipiki inayokuja usoni: 1/1000 hadi 1/1600. Inayopita ubavuni kwa 1/1000 itaonekana imeegeshwa, kwa sababu magurudumu yameganda. Kwa kilomita 50 kwa saa, pikipiki inasogea sentimita 1.4 tu ndani ya 1/1000, lakini sentimita 11 ndani ya 1/125, na hizo 11 ndizo zinazochora mwendo. Anza na 1/250, shuka hadi 1/125, na ukifika 1/60 kubali kwamba picha nyingi zitatupwa.

Simama miguu ikitazama mahali utakapobonyeza, si mahali pikipiki inapotokea. Jipinde kiuno kuelekea inakotoka, ifuate, bonyeza, na uendelee kuifuata baada ya kubonyeza. Wanaosimamisha mikono pale wanapobonyeza hupata picha zilizoyumba. Kidhibiti mtikisiko kiweke kwenye Mode 2 kama lenzi inayo, kisipigane na mwendo wako wa kulia na kushoto.

Fokasi iwe AF-C, au AI Servo kwa Canon (fokasi inayoendelea kufuata kitu kinachosogea), ukitumia kundi dogo la pointi. Ukiwasha pointi zote, udongo unaorushwa na bendera za wasimamizi vitaiba fokasi. Lenga kofia ya dereva au kibao cha namba cha mbele. Mwanga upime mwenyewe na uweke Manual (mipangilio ya mkono), kwani kofia nyeupe na jezi nyeusi huidanganya kamera. Kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) tumia shata ya mitambo. Kwenye nyingi, ile ya kielektroniki husoma sensa polepole na magurudumu hutoka umbo la yai.

Usisimame nje ya kona wala mbele ya mahali pikipiki zinapotua, hata kama picha nzuri iko hapo. Dereva akianguka, pikipiki inaendelea na njia ileile bila yeye.

Bodi, kadi, tripodi

Bodi zilizotumika zinafaa kabisa kwa kazi hii. Canon 7D Mark II na Nikon D500 zote hupiga picha 10 kwa sekunde, na shata zao zimekadiriwa kufika mibonyezo 200,000. Kadi iwe angalau V30 (alama ya kasi ya kuandika). Kadi ya polepole hujaza bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) na kamera inakwama wakati kundi linatoka kwenye geti. Bafa ikiwa ndogo, piga mbio kwa JPEG (faili ndogo) na mandhari kwa RAW (faili ghafi, kubwa).

Tripodi nunua inayofika usawa wa macho bila kuinua nguzo ya katikati. Upepo wa Ngong utatikisa nguzo hiyo. Ning'iniza mfuko chini yake, ukigusa ardhi kidogo usibembee, zima kidhibiti mtikisiko, tumia kipima muda cha sekunde 2.

Vumbi na kuvu

Usibadilishe lenzi kando ya njia ya mbio. Ukilazimika, ingia kwenye gari, funga vioo, elekeza mdomo wa kamera chini. Vumbi jekundu ni mchanga: lipulize kwa pampu ya mpira, kisha brashi, na kitambaa kiwe cha mwisho. Anayeanza na shati anakwaruza kioo.

Pwani adui ni kuvu. Mombasa, Tanga na Zanzibar lenzi iliyofungiwa kwenye mfuko wa ngozi kabatini huota nyuzi ndani. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli (punje za kunyonya unyevu) na kipima unyevu, usome kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika rangi ikaushwe.

Kabla ya kulipia lenzi iliyotumika, fungua tundu lote na umulike tochi kutoka nyuma: nyuzi kama za buibui ni kuvu, usiinunue, hata kwa punguzo. Piga ukuta wa matofali kwa tundu lililo wazi na ulinganishe pembe nne. Moja ikiwa laini kuliko nyingine, lenzi ilishaanguka au vioo vimepinda. Kisha toka na muuzaji hadi kando ya barabara, weka AF-C na 1/1000, na piga bodaboda inayokuja usoni, picha 20 mfululizo. Zikuze kwenye skrini ya kamera moja baada ya nyingine. Kama fokasi iko nyuma ya dereva kwenye nyingi, jaribu tena kwa bodi nyingine kabla ya kuilaumu lenzi.