Somo: Jinsi ya Kupata Propela Mbadala Iliyoidhinishwa kwa Ndege Ndogo ya Mafunzo

Propela ya ndege ya mafunzo ikiharibika, swali la kwanza linaloulizwa na wamiliki wengi hapa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Lang'ata, Nairobi, ni nani anayo nyingine na anaiuza kwa bei gani. Swali hilo lina haki yake, lakini zamu yake ni ya mwisho. Idhini ya propela peke yake haitoshi: ni lazima iwe imeidhinishwa pia kufungwa kwenye injini fulani, katika ndege ya modeli fulani, na hati zake zikithibitisha hivyo. Propela mpya kabisa, iliyotengenezwa na kampuni yenye sifa, inaweza kuwa haramu kwenye ndege yako huku ikiwa halali kabisa kwenye ndege iliyoegeshwa kando yake.

Nitatumia Cessna 152 kama mfano wa somo zima. Wenye Cessna 172 au Piper Cherokee watafuata njia ileile kwa kutumia karatasi za ndege zao.

Hatua ya kwanza: isome ndege uliyo nayo

Nakili modeli kamili na nambari ya utambulisho ya ndege kutoka kwenye kibati chake, kisha modeli kamili ya injini pamoja na herufi zote za mwisho. O-235-L2C na O-235-N2C ni injini mbili tofauti, na zote mbili zilifungwa kwenye Cessna 152 kulingana na mwaka ndege ilipotengenezwa. Kwa hiyo anayeandika "Lycoming O-235" peke yake hajajibu swali.

Baada ya hapo mwombe fundi mwenye leseni afungue kofia ya mbele ya propela ili msome kitovu. Futa kitovu kwa kitambaa safi chenye kiyeyushi cha grisi, kisha kimulike kwa tochi kutoka ubavuni ili kivuli kiingie ndani ya herufi zilizogongwa kwenye chuma. Utaona jina la mtengenezaji, modeli, nambari ya utambulisho na nambari ya cheti cha aina, yaani idhini ya muundo wake. Kwenye Cessna 152 nyingi utasoma 1A103/TCM6958, ambapo 69 ni kipenyo kwa inchi na 58 ni hatua ya propela kwa inchi, yaani umbali ambao ingesonga mbele katika mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu kama skrubu kwenye mbao. Linganisha herufi hizo na kitabu cha kumbukumbu cha propela. Zikitofautiana, simama hapo hadi upate maelezo, kwa sababu huenda propela uliyokuwa ukirukia ndiyo iliyokuwa na kasoro ya hati tangu awali, na kununua nyingine inayofanana nayo ni kuliendeleza kosa.

Hatua ya pili: tafuta karatasi ya data ya cheti cha aina

Karatasi hii hutaja injini na propela zilizoidhinishwa kwa kila modeli ya ndege. Hii ndiyo hatua inayobeba somo zima, na haigharimu hata shilingi. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, huweka karatasi hizi mtandaoni bila malipo. Cessna 150 na 152 ziko kwenye karatasi nambari 3A19, Cessna 172 za kawaida kwenye 3A12, na jamii ya Piper PA-28 kwenye 2A13. Mamlaka yetu ya usafiri wa anga hapa Kenya, yaani KCAA, inapochunguza ndege yenye usajili wa Kenya, unaoanza na 5Y, huitazama kwa kuilinganisha na muundo ulioidhinishwa na nchi iliyoisanifu. Ndiyo maana karatasi ya Marekani inakuwa na uzito mkubwa hapa Lang'ata.

Fungua sehemu ya modeli yako hasa. Kwa Cessna 152 yenye injini ya O-235-L2C, karatasi inataja propela ya kampuni ya McCauley, 1A103/TCM6958, yenye kipenyo kisichozidi inchi 69 na kisichopungua inchi 67.5, na mizunguko ya injini ndege ikiwa imesimama na nguvu zote zikiwa zimefunguliwa iwe kati ya 2,280 na 2,380 kwa dakika. Tafakari maana ya hizo inchi 67.5. Propela hupunguzwa ncha inaporekebishwa, na ncha zote mbili lazima zipunguzwe sawasawa ili mizani isiharibike. Kwa hiyo kila ncha ina robo tatu tu ya inchi ya kupoteza katika maisha yake yote. Propela iliyotumika ambayo imeshafika kwenye kikomo hicho bado ni halali leo, lakini kokoto moja ya murram ikiing'ata vibaya kwenye ncha, itakuwa imekwisha. Pima kipenyo kabla ya kukubali bei.

Kama propela unayoitaka haimo kwenye karatasi, njia iliyobaki ni cheti cha nyongeza cha aina, ambacho kampuni fulani imepewa ili kuruhusu propela yake kwenye modeli yako. Cheti hicho ni lazima kitaje ndege yako na injini yako, uwe na ruhusa ya maandishi ya mwenye cheti kukitumia, na karakana yako ithibitishe kwamba KCAA inakikubali kabla kitu chochote hakijafungwa.

Hatua ya tatu: chunguza maagizo ya usalama na mitetemo

Wanunuzi wengi huiruka hatua hii, nami naisihi kila shule isiiruke. Kila mlipuko wa mafuta ndani ya silinda hutikisa krankishafti, yaani mhimili wa injini unaozungusha propela, na mtikisiko huo hupita hadi kwenye mapanga ya propela. Chuma kikipata mtikisiko unaolingana na wake wa asili, huchoka na kupasuka, tena bila dalili ambayo rubani angeweza kuiona asubuhi anapoikagua ndege. Ndiyo sababu Piper Cherokee za nguvu farasi 180 zenye propela za Sensenich za aina fulani zina onyo la kutoendesha injini kwa muda mrefu kati ya mizunguko 2,150 na 2,350. Injini hiyo ni nzima na propela hiyo ni nzima. Hatari iko katika kukutana kwao.

Kwa jamii ya 1A103/TCM kuna agizo la FAA nambari 2003-12-05, linalohusu nyufa kwenye kitovu na kudai ukaguzi wa kuona pamoja na ule wa rangi inayopenya kwenye ufa. Muuzaji akikuonyesha propela ya aina hii, mwombe kumbukumbu za ukaguzi huo. Akisema hazijulikani zilipo, hesabu kwamba haukufanyika.

Hatua ya nne: mtafute muuzaji na usome hati kabla ya kulipa

Mtafute kwanza mtu unayemwamini katika karakana iliyoidhinishwa, umpe orodha yako, naye ajue kwamba hakuna pesa itakayotumwa kabla hajaona hati. Omba picha ya kitovu iliyo wazi kiasi cha kusomeka, na nakala ya hati ya kuruhusu matumizi: ile ya Marekani huitwa 8130-3, na ile ya Ulaya huitwa Form 1. Soma kisanduku cha 11 uone hali ya kitu: ni kipya, kimefanyiwa matengenezo makubwa, kimerekebishwa au kimekaguliwa tu? Tofauti ya maneno hayo ni kubwa mno, maana kwa propela "iliyokaguliwa" tu, saa za kuruka hazianzi kuhesabiwa upya. Kisha soma kisanduku cha 12, ambako karakana huandika kazi iliyofanyika na maagizo yaliyotekelezwa. Nambari ya utambulisho iliyo kwenye hati iwe ndiyo iliyogongwa kwenye kitovu, herufi kwa herufi.

Barua ya muuzaji inayosema kwamba bidhaa inalingana na viwango, hata ikiwa na muhuri mzuri, haichukui nafasi ya hati hiyo.

Hatua ya tano: usafirishaji na forodha

Kwenye mpangilio wa kimataifa wa ushuru, propela za ndege na sehemu zake ziko chini ya 8807.10, na wakala wako wa forodha atahitaji ankara, hati ya usafirishaji wa anga na nakala ya hati ya kuruhusu matumizi. Mwelekeze muuzaji aifunge kwenye sanduku la mbao linaloshika kitovu, kwa sababu propela inayolala juu ya mapanga yake safari nzima inaweza kufika imejikunja.

Hatua ya sita: kupokea, kufunga na kupima

Linganisha tena kitovu na hati, sanduku likiwa wazi mbele yenu. Fundi atafuata mwongozo wa mtengenezaji kuhusu bolti na mkazo wake, na spesa, yaani kipande kinachokaa kati ya propela na injini. Bolti za zamani zisirudishwe ila pale mwongozo unaporuhusu, na urefu wake ulingane na spesa iliyopo. Kisha aweke kigoda imara chini ya ncha ya panga moja, atie alama usawa wake, azungushe kwa mkono huku swichi za magneto, yaani vifaa vinavyotoa cheche za injini, zikiwa zimezimwa na magurudumu yamezuiwa, atazame ncha ya pili inapita wapi. Kwa propela ya chuma ya ukubwa huu, tofauti isizidi sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, takribani milimita 1.6.

Jaribio la mizunguko ndege ikiwa imesimama lifanyike kwenye lami iliyofagiwa, pua ikielekea upepo. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na kitabu cha Cessna 152 kinaelekeza kwamba kwenye kiwanja kilicho juu ya futi 3,000 mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa yapunguzwe hadi mizunguko ifike juu kabisa. Asiyepunguza ataona mizunguko michache na kuilaumu propela isiyo na hatia. Vilevile, hakiki saa ya mizunguko kwa kipimo cha mwanga kwanza, kwa kuwa saa za zamani za waya hudanganya sana.

Kazi hukamilika pale fundi anapotia saini kwenye kitabu cha propela na cha ndege, na hati asilia inapowekwa kwenye faili.

Maswali ya wanachama

Mmiliki mwenza wa Cessna 152: Mhandisi, shikamoo. Mchana wa Januari ndege yetu inapanda kwa shida sana ikiwa na mwalimu na mwanafunzi. Je, tunaweza kufunga propela yenye hatua ndogo zaidi ili ipande vizuri?

Jibu: Marahaba. Hamu yenu naielewa, kwani kwenye mwinuko wa Wilson hewa ina takribani asilimia 85 tu ya uzito wake wa pwani hata kabla jua halijaipasha moto. Mnaweza, iwapo hatua hiyo imetajwa kwenye karatasi 3A19 kwa modeli yenu au kwenye cheti cha nyongeza. Ikiwa haimo, hapana, hata kama inaingia kwenye bolti zilezile. Mjue pia gharama yake: katika safari ya usawa injini itafika haraka kwenye kikomo chake cha mizunguko 2,550, na mwanafunzi anayeshuka bila kurudisha nguvu nyuma atakivuka. Kabla ya kununua chochote, pimeni mgandamizo wa silinda na mizunguko ya ndege ikiwa imesimama. Mara nyingi injini iliyochoka ndiyo inayonyima ndege kupanda.

Mwanafunzi wa ufundi: Je, fundi stadi wa chuma anaweza kunyoosha panga lililojikunja kidogo?

Jibu: Hapana. Kunyoosha kuna vipimo vya pembe na mahali pa mkunjo, na ni kazi ya karakana ya propela iliyoidhinishwa peke yake. Fundi wa ndege anaruhusiwa kulainisha mikwaruzo midogo kwa tupa ndani ya mipaka ya mwongozo, basi.

Msimamizi wa shule ya urubani: Ndege yetu ilitoka nje ya njia ikaingia kwenye nyasi ndefu. Mizunguko ilishuka ghafla kisha ikarudi, na propela haina hata alama. Tunataka tu kuibadilisha kwa tahadhari. Je, inatosha?

Jibu: Pole kwa lililowapata, na nashukuru mmeuliza kabla ya kuruka. Kubadilisha propela hakutoshi. Taarifa ya huduma nambari 533 ya Lycoming na agizo la FAA nambari 2004-10-14 zinahesabu kushuka ghafla kwa mizunguko kwenye nyasi ndefu au maji kuwa ni propela kugonga, hata ikiwa haikuumia. Agizo hilo linadai gia iliyo nyuma ya krankishafti ifunguliwe, pini na nyuzi za bolti zikaguliwe, na bolti pamoja na kibati cha kuifunga vibadilishwe. Bolti hiyo ikikatika angani, injini hupoteza magneto zote mbili kwa wakati mmoja. Ndege isiruke, hata mzunguko mmoja wa kiwanja, hadi kazi hiyo itiwe saini.

Mmiliki wa Piper Cherokee: Nimepata propela kutoka kwa ndege iliyovunjwa nje ya nchi, bei nafuu, ila haina hati. Kitovu kimegongwa vizuri na kila kitu kinalingana. Nifanyeje?

Jibu: Herufi za kitovu zinakueleza ilivyozaliwa, si yaliyoipata tangu hapo. Hujui kwa nini ndege hiyo ilivunjwa. Pengine propela hii ndiyo iliyogonga. Kama bado unaitaka, mkubaliane kwa maandishi kwamba utalipa baada ya karakana ya propela iliyoidhinishwa kuifanyia matengenezo makubwa na kuitolea hati ya kuruhusu matumizi, na kwamba ikikataliwa hasara ni ya muuzaji. Muuzaji akikataa sharti hilo, iache.