Kiasi gani cha hewa ukaa tusukume ardhini? Anza na presha

Vijana wanaoniletea hapa Dodoma hesabu zao za kuhifadhi hewa ukaa (kaboni dioksidi) ardhini karibu wote huanza na swali moja: mwamba una nafasi kiasi gani? Lakini kisima husimamishwa na presha, muda mrefu kabla nafasi haijajaa. Mimi hupanga hivi.

Hatua ya 1: Chagua mwamba
Tafuta mwamba wa mchanga wenye vitundu vingi, uliojaa maji ya chumvi, ukifunikwa na mwamba wa mfinyanzi usiopitisha kitu. Majabali ya graniti tunayoyakalia Dodoma hayafai. Vitundu hayana, na kwenye nyufa zake ndimo yanamopita maji ya visima vya Makutupora tunayokunywa. Hapo pasiguswe kabisa. Kwa mfano wetu, tuchukulie mwamba wa mchanga ulio mita 1,200 chini, mahali pengine.

Hatua ya 2: Presha ya asili
Kila mita 100 za maji huleta takribani megapaskali 1 (kipimo cha presha), hivyo kwa mita 1,200 tuna 12. Hewa ukaa ikivuka megapaskali 7.4 na nyuzi joto 31, huwa nzito kukaribia kimiminika, ikachukua nafasi ndogo. Ndiyo maana kina kisichofika mita 800 hatukitaki.

Hatua ya 3: Kikomo
Hapa usiwe na haraka. Sukuma maji kwa viwango vinavyopanda, kila kiwango kwa muda uleule, ukisoma presha kwa kipimo kilichoshushwa hadi chini ya kisima. Chora grafu. Mstari unapopinda, mwamba umeanza kupasuka. Tuseme umepinda kwenye 19. Chukua asilimia 90 yake, yaani 17.1. Ukitoa 12, umebaki na 5.1 za kuchezea. Ile asilimia 10 uliyoiacha usiile, kwa sababu hewa ukaa inayoshuka ikiwa baridi huupoza mwamba, na mwamba uliopozwa hupasuka kwa presha ndogo zaidi.

Hatua ya 4: Kiasi cha kusukuma
Jaribu tani 500 za hewa ukaa kwa siku. Presha ikipanda kwa 2, kila megapaskali 1 inabeba tani 250, na 5.1 zitabeba 1,275. Namba hiyo inavutia, nami nakusihi usianze nayo. Ni ya siku za mwanzo tu, kabla presha haijagonga kingo za mwamba na kurudi. Mradi wa gesi wa Snøhvit, huko Norwe, walianza kusukuma hewa ukaa mwaka 2008. Presha ikapanda kuliko walivyotarajia, na mwaka 2011 wakahamia tabaka jingine.

Anza na nusu. Panda kidogo kidogo, na kila unapotaka kupanda funga kisima kwanza, uangalie presha inarudi wapi. Ikigoma kushuka kukaribia 12, mwamba unajaa: punguza, au chimba kisima cha pili cha kutoa maji ya chumvi. Maji hayo yasimwagwe shambani.

Hatua ya 5: Chumvi
Hewa ukaa kavu hukausha maji yaliyo jirani na kisima, chumvi ikabaki na kuziba vitundu. Presha hupanda, na wengi hudhani mwamba umejaa. Funga kisima: presha ikiporomoka haraka na kurudi karibu na 12, tatizo liko mlangoni. Sukuma maji yasiyo na chumvi kuosha, kisha rudia jaribio la tani 500 ulinganishe.