Tofauti inayogawanyika kwa 9
Unapofunga hesabu za duka hapa Bukavu, ambako mauzo kwa faranga hufika mamilioni upesi, na jumla mbili zikakataa kulingana, usikimbilie kurudia daftari zima. Toa ndogo kwenye kubwa, kisha ujumlishe tarakimu za jibu. Jumla ya tarakimu hizo ikigawanyika kwa 9, shuku kwanza kwamba mwandishi amebadilishana nafasi za tarakimu mbili, au amesahau sifuri ya mwisho. Kwa mfano, 2,874,500 ukitoa 2,847,500 hubaki 27,000, na 2 na 7 ni 9. Sababu yake hunipendeza sana: 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa 9 hubakiza 1, kwa hiyo kuhamisha tarakimu, hata katika nambari ndefu kiasi gani, hakubadilishi baki lake, na nambari mbili zenye baki sawa, tofauti yao hugawanyika kwa 9.